Mshale Haujatulia

Jumapili, 3 Machi
Asubuhi mawingu, bila mvua. Upepo kidogo.

Mdogo wangu,

Pokea salamu za wote wa nyumba hii. Hatujambo, isipokuwa goti la Mjomba, ambalo limevimba tena, na mwenyewe anakataa kulikanda mpaka eti limwombe radhi. Bati la jikoni lililokuwa likivuja nimelizibisha. Ghalani kazi ni ile ile: magunia yanaingia, magunia yanatoka, na mimi karani wa mizani nimekaa katikati.

Sasa nije kwa binti yako, maana najua hayo ya juu umeyaruka.

Ulinitaka nikuandikie anavyocheza, si anavyokula wala anavyorefuka. Nimefungua daftari langu. Jumanne: alipanga vifuniko vya soda ishirini na tatu ukutani, akaviamkia kimoja kimoja. Kimoja hakikuitika. Alikisubiri. Akainama, akakiwekea sikio, kisha akanijia kwa kunyata: "Mamkubwa, huyu kalala." Akakifunika kwa jani.

Alhamisi: alining'iniza kopo kwa uzi kwenye kitasa cha mlango, akaanza kupima vitu. Kapima kiatu, kapima kitunguu. Halafu akapima kivuli chake. Alikichota sakafuni kwa viganja viwili, akatembea nacho polepole kisimwagike, akakimimina ndani ya kopo. Mjomba akamuuliza, "Kilo ngapi, karani?" Akamwinulia kidole: "Ngoja! Mshale haujatulia!"

Hayo ni maneno yangu. Nawaambia makuli kutwa nzima, kwa sababu siandiki uzito mpaka mshale wa mizani utulie. Kumbe siku nilizokwenda naye ghalani alikuwa akiyaokota.

Nilisimama na ufagio mkononi, nikasahau nilikuwa nafagia wapi. Mtoto hajafika hata miaka mitatu. Nani kamwambia kwamba kivuli huchoteka?

Picha uliyoomba nimeitia humu. Mpigapicha alitaka kuirudia, eti jicho moja limenasa mwanga wa kamera likatoka jeupe. Nikamwambia aache. Kicheko kama kile hakipatikani mara mbili.

Kalala saa mbili na dakika kumi, kifuniko kimoja mkononi.

Dada yako

*

28 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Mpe Mjomba shikamoo yangu, na goti lake ulipe pole. Mimi nipo. Tunashona sare kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa, na vidole vyangu vimeshazoea. Usiniulize zaidi ya hapo. Askari wa barua anasoma kabla yako, na ana kalamu nyeusi.

Barua yako ilifika tarehe 25. Siku hizi sizisomi peke yangu. Humu bwenini tumo wanawake kumi na tisa, na ikija bahasha yenye mwandiko wako hakuna anayelala mapema. "Rudia pale pa kivuli!" Nikarudia. Yuko mama mmoja tunayemwita Jenereta, kwa ajili ya kukoroma, akasema, "Miaka sitini hii, mimi sijawahi kujua kivuli changu kina kilo ngapi." Mwenzake akamjibu, "Chako tusubiri mizani ya malori." Tulicheka mpaka askari akagonga mlango kwa funguo. Halafu kila mmoja akabaki akimwaza mtoto wa kwake.

Picha imepita mikononi mwa wote na imerudi na alama za vidole. Aliyebaki ni Nesi tu, yumo chumba cha wagonjwa na kifua chake. Tunamwita hivyo kwa sababu alikuwa nesi kweli, miaka ishirini wodi ya macho. Akitoka nitamwonyesha.

Dada, kifungo changu nakijua na sababu yake naijua. Nilimpiga baba wa mtoto kwa pasi, yeye akapona, mimi nikapewa miaka mitatu. Sina neno. Lakini mwanangu nilimwacha hajui kutembea sawasawa, na sasa anabeba vivuli. Karatasi yangu ni moja tu kwa mwezi, kila tarehe 28. Wewe huna kikomo. Andika.

Mdogo wako

*

Jumapili, 7 Aprili
Mvua tangu kabla ya alfajiri. Imekatika saa tatu.

Mdogo wangu,

Natumaini hiyo mvua huko haivujishi mlipolala. Mjomba anakusalimu na anasema goti limeomba radhi, kwa hiyo kalikanda. Waambie wenzako wote salamu, na huyo Jenereta nimempenda bila kumwona.

Mwanao amepata jina jipya. Jioni, taa ikiwa nyuma yangu naye akinitazama, jicho lake la kushoto linawaka kama la paka aliyesimama mlangoni. Mjomba ndiye aliyeona kwanza, akaita, "Paka huyo!" Basi ikawa hivyo. Ukimwita Paka anapanda kiti kwa miguu minne, anajilamba kiganja, anakutazama kwa dharau. Hajibu jina lake lingine.

Jumatano alipata kifuniko chenye tundu katikati. Akakishika kwenye jicho la kulia, akazunguka nyumba nzima akituchungulia: Mjomba akivaa soksi, mimi nikimenya viazi, chungu kikichemka. Kila alichokiona alikiambia, "Nimekuona." Nikamwambia ajaribu na jicho la pili, nikakihamisha kifuniko mwenyewe. Akakirudisha kulia, akanikemea: "Huku kumezimwa, Mamkubwa." Tulicheka, nikaandika.

Ijumaa tulicheza mpira wa soksi. Ukimviringishia kulia anaukimbilia. Ukimviringishia kushoto anauacha upite, na ukimuuliza anasema umekwenda kwao. Hana papara kabisa. Anakaa kuusubiri urudi.

Kalala saa mbili kamili.

Dada yako

*

9 Aprili

Dada,

Sina nafasi ya salamu. Nesi ametoka leo chumba cha wagonjwa, nikampa picha. Hakucheka. Aliipeleka dirishani, akaniuliza mara tatu: ni mwanga, au ni jicho? Anaijua rangi ile. Kuna uvimbe unaoota ndani ya jicho la mtoto mdogo. Hauumi. Mtoto anacheza kama kawaida, na siku anapoacha kucheza huwa wamechelewa.

Mpeleke hospitali kubwa ya macho, si zahanati. Barua hii haikupitia kwa askari. Anayekuletea anafunguliwa kesho, mpe maji ya kunywa na usimuulize jina. Usingoje nyingine kutoka kwangu.

Siku utakayoipata, kesho yake uwe njiani. Kesho yake, Dada.

*

Jumapili, 12 Mei
Jua tangu asubuhi. Hakuna upepo.

Mdogo wangu,

Salamu. Mjomba hajambo. Mimi sijambo.

Barua yako fupi niliipata. Tumekwenda. Tulipokelewa Ijumaa, 26 Aprili. Walimdondoshea dawa machoni wakamlaza chini ya taa, madaktari wawili, wakamchungulia mmoja baada ya mwingine. Nesi wako alisema kweli. Jicho la kushoto lilikuwa limejaa. La kulia ni zima, wamelitazama mara mbili, lishike hilo kwanza.

Jumatatu, 6 Mei, saa nne asubuhi, wamelitoa la kushoto. Hakukuwa na njia nyingine. Kipande wamekipeleka kupimwa, wajue kama ugonjwa umeishia ndani ya jicho au umegusa mshipa wa nyuma. Majibu bado.

Uliniomba michezo, nami sina kingine cha kukupa. Siku ya tatu aliketi kitandani na bandeji nusu ya uso, akaomba pamba. Akaichana vipande, akavipanga juu ya shuka. Nikadhani ni vitanda vya wagonjwa. Akasema hapana, ni mawingu, na yeye ndiye anayeyaambia yaende wapi. Daktari alipokuja kumwona alizuiwa mlangoni kwa mkono: "Ngoja, yapite." Akangoja. Mtu mzima mwenye koti jeupe alisimama mlangoni mpaka mawingu yakapita.

Kalala saa tatu kasoro dakika tano, upande wa kulia, kama walivyoagiza.

Dada yako

*

30 Juni

Dada, shikamoo.

Nimeruhusiwa karatasi tena. Usiniulize kwa nini nilikosa.

Barua ya Mei niliisoma peke yangu kwanza. Halafu wakaniomba, nikawasomea. Jenereta alitoka nje kabla sijafika kwenye mawingu. Mchana wote cherehani zilikwenda bila mtu kuimba.

Nimeisoma mara nyingi tangu nilipopewa. Umeandika tarehe ya kupokelewa, siku na saa ya kukatwa, hata upande aliolalia. Dada yangu unaandika mpaka mawingu ya asubuhi. Lakini kuna tarehe moja hukuiandika.

Aliyekuletea barua amekuja kunitembelea. Anasema alikukabidhi mkononi, penye mizani, Alhamisi ya tarehe 11 Aprili, na ukamchotea maji. Mlipokelewa tarehe 26. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia.

Siku kumi na tano zilikwenda wapi?

Mdogo wako

*

Jumapili, 14 Julai
Ukungu mzito. Umeondoka saa nne.

Mdogo wangu,

Salamu. Sina cha kuweka mbele ya jibu, kwa hiyo nakunakilia daftari kama lilivyo.

12 Aprili. Taa upande wa kulia. Jicho limewaka.
13 Aprili. Taa mahali pale pale. Halikuwaka.
14 Aprili. Limewaka mara mbili.
16 Aprili. Halikuwaka. Huenda ni namna anavyogeuza kichwa.
19 Aprili. Kacheza kutwa bila kulala. Hana homa. Mgonjwa hachezi hivi.
22 Aprili. Limewaka. Mjomba anasema twende. Nimemwambia bado.
25 Aprili. Limewaka mchana, bila taa.

Ndiko zilikokwenda. Nilisema nitamwangalia siku kumi na nne, nikifika huko na daftari wasiseme nimekuja na maneno ya kuambiwa. Miaka kumi na saba nimewafokea watu wasiandike kabla mshale haujatulia, na hakuna gunia hata moja lililorudi kwa kosa langu. Nikampima mtoto kama gunia.

Na kuna lingine, sikuliandika hata humo. Niliona uchungu. Mimi namwona kila siku, asubuhi na jioni. Nimeandika kila kifuniko alichokiamkia. Halafu mwanamke asiyewahi kumshika mkono anatazama picha mara moja, dirishani mwa gereza, anakijua nisichokijua. Nilitaka awe amekosea. Nilikuwa nikihesabu siku za jicho kutowaka, na kila moja nilifurahi.

Kila kitu kilikuwamo daftarini. Kifuniko. Mpira. Alisema mwenyewe kwamba huku kumezimwa, nami nikaandika kuwa tulicheka.

Tarehe 1 Juni nilikuja kukuona. Hujaambiwa. Langoni askari akanijibu kwamba huna ruhusa ya mgeni, kwamba ulitoa barua kwa njia za panya, ukafungiwa peke yako siku arobaini, na miezi minne ya punguzo lako la kifungo imefutwa. Basi nilipanda gari kurudi nikijua ile barua yako fupi ilikuponza vipi, na mimi niliibana katikati ya daftari kama alama ya ukurasa.

Nilimuuliza daktari kama zile wiki mbili zingeliokoa jicho. Akasema, "Mama, labda. Labda hapana. Hakuna mtu atakayekuambia." Nikamuuliza tena, siku nyingine, nikapata jibu lile lile. Huo ni mshale ambao hautatulia, na nitakaa nao.

Majibu ya kipande yamekuja: ugonjwa umegusa mshipa. Anapewa dawa kwa dripu, awamu sita. Ya kwanza imekwisha.

Kalala saa mbili na nusu, baada ya kutapika mara mbili.

Dada yako

*

28 Julai

Dada, shikamoo.

Nimeisoma. Sijasema nimekusamehe, na usiniandikie kunishukuru. Nilikasirika hata nikashona mkono wa sare penye shingo, msimamizi akauinua juu wote wauone.

Nilimwambia Nesi, "Ningekuwa mimi, ningekimbia naye siku ile ile, miguu mitupu." Alikuwa anafuta miwani. Akaniambia, "Bila shaka. Wewe ni mtu wa kurusha pasi. Dada yako ni mtu wa kungoja. Mtoto amezaliwa katikati yenu." Sikumsemesha siku mbili. Siku ya tatu nikampelekea chai yake.

Sina mwingine wa kumwachia mtoto, na hata ningekuwa naye, nisingemtoa kwako. Hilo nalijua na linaniuma vilevile.

Nataka kitu kimoja. Niandikie anavyocheza, siku hiyo hiyo anapocheza, kabla hujajua maana yake.

Mdogo wako

*

Jumapili, 18 Agosti
Anga nyeupe tangu saa moja. Joto.

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa Nesi, kwa Jenereta na wote. Mjomba anatembea na fimbo sasa na anaisingizia fimbo kila anapojikwaa.

Naandika leo leo, kama ulivyosema. Sijasoma nilichoandika jana.

Nywele zimetoka. Asubuhi alizikuta kwenye mto, akazikusanya zote, hakuacha hata moja. Nilimsogelea nikidhani atalia. Akaenda kwenye vifuniko vyake, akavigawia, kila kimoja kidogo, akibana kwa kidole zisipeperuke. "Wanasikia baridi," akaniambia. Kile kisichoitika alikipa nyingi zaidi.

Hataki tena kuitwa Paka. Hakusema kwa nini. Mjomba aliita kwa mazoea, akatazamwa, akasema, "Samahani, karani."

Ana mchezo mpya. Upande wa kushoto haoni kitu, kwa hiyo kwake vitu haviji kutoka huko, vinatokea tu. Mara kuku wa jirani hayupo, mara yupo. Mwanzoni alishtuka. Sasa anamtegea. Anakaa ametazama mbele, anajifanya hana habari, halafu anageuza kichwa chote kwa ghafla: "Katokea!" Na anashangaa, mdogo wangu. Kila mara. Kuku yule yule, kwa siku mara ishirini, na kila mara anapiga makofi kana kwamba kuku ameumbwa dakika hiyo. Nimejikuta nami nikimtazama kuku.

Leo saa kumi alikaa kizingitini, ametulia mno, hata nikaacha nilichokuwa nafanya. Akageuka kushoto kwa nguvu. Hakukuwa na kitu. Akarudi kutazama mbele, akangoja, akageuka tena.

"Unamtafuta kuku?"

"Hapana. Mama."

"Mama yuko wapi?"

Akanyoosha mkono kushoto bila kutazama, kama mtu anayekuonyesha jikoni kwake. "Yuko huku. Nikigeuka anakimbia."

Akageuka tena, kwa nguvu zaidi, mpaka akaanguka. Akacheka pale pale chini. "Mama ana mbio!"

Nilihesabu, sikuweza kujizuia. Mara kumi na moja. Baada ya hapo alichoka kidogo, akaniita, akanishika vidole viwili, akanisimamisha upande wake wa kushoto karibu na ukuta, akanirekebisha miguu. Nimzuie asikimbie. Nikasimama. Aligeuka, akanikuta mimi, akatazama nyuma yangu, akasema, "Usiondoke, Mamkubwa. Atapita hapo." Nilisimama mpaka jua likatoka ukutani.

Sijui maana yake. Nimeandika tu.

Awamu ya tatu ni Alhamisi.

Mstari huu nauongeza asubuhi, kabla ya posta. Yeye alilala saa mbili na dakika ishirini. Mimi, saa tisa kasoro robo usiku.

Dada yako